Maswali ya Wasomaji: Usiku wa Jalidi ya Kwanza Shambani

Kati ya barua zilizotufikia tangu Agosti ilipokwisha, nne zinauliza, kila moja kwa namna yake, juu ya jambo lile lile: jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku na kuyaacha majani meupe kana kwamba yamenyunyiziwa chumvi, na madhara yake katika shamba la maua. Watatu kati ya walioandika wanaishi katika nchi zenye majira manne, ambako vuli si mvua ndogo tunazozijua sisi wa pwani bali ni majira ya majani kupukutika. Wa nne yuko Kinangop, mahali ambapo majani hayapukutiki lakini jalidi hufika vilevile. Nimezijibu zote mahali pamoja kwa sababu jibu la mmoja litamfaa na mwenzake.

Kutoka kwa mama anayelima Lewiston, Maine, Marekani

*Jambo Mzee. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, na huu ni mwaka wa tatu ninalima maua ya kuuza sokoni siku za Jumamosi, hasa dalia na zinia, kwenye kipande cha ardhi ninachokodi chini ya kilima. Mwaka jana, mwishoni mwa Septemba, simu ilionyesha kwamba usiku kungekuwa na nyuzi 37 za Fahrenheit, ambazo ni juu ya kiwango cha maji kuganda, nikalala bila wasiwasi. Asubuhi nilikuta dalia zote zimekuwa nyeusi, ilhali jirani yangu anayelima juu kidogo kwenye mteremko hakupoteza hata ua moja. Je, simu ilinidanganya, au udongo wangu ndio wenye kasoro?*

Mama, simu haikukudanganya na udongo wako hauna kosa. Kipimajoto cha watabiri wa hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku chenye kivuli, takribani mita 1.5 hadi 2 juu ya ardhi, na mara nyingi kiko uwanja wa ndege, si shambani kwako. Usiku ambao anga ni tupu na hata nyota ndogo zinahesabika, ardhi na majani hupoteza joto lake kwenda juu bila wingu la kulizuia. Ikiwa na upepo umetulia, hakuna kinachoichanganya hewa ya chini na ile ya juu, kwa hiyo hewa inayogusa majani hupoa kuliko ile iliyo usawa wa kichwa chako. Tofauti ya nyuzi 2 au 3 za Selsiasi ni jambo la kawaida, na nyuzi zako 37 za Fahrenheit hazifiki hata 3 za Selsiasi, kwa hiyo palipokuwa na dalia maji yalikuwa yameshaanza kuganda. Ndiyo maana Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani hutoa tahadhari ya jalidi hata inapotarajia nyuzi 33 hadi 36 za Fahrenheit, na onyo la kuganda huliweka akiba kwa nyuzi 32 kushuka chini. Ujue pia kwamba msimu wa kukua mimea ukishahesabiwa kuwa umekwisha katika eneo lako, idara hiyo huacha kutoa tahadhari hizo, kwa hiyo ukimya wake mwezi wa Novemba usikufurahishe.

Kuhusu jirani yako, kinachowatofautisha ni mteremko. Hewa baridi ni nzito, nayo hutiririka polepole kufuata ardhi kama maji yanavyofanya, hadi ikute bonde au kizuizi, na hapo hujaa. Nilifanya kazi miaka kadhaa katika shamba la maua kwenye bonde la mto Connecticut, na huko niliwahi kutembea saa kumi na moja alfajiri kutoka ghalani kushuka hadi matuta ya mwisho nikahisi baridi inanipanda kutoka miguuni mpaka magotini, kana kwamba naingia baharini. Chunguza upande wa chini wa shamba lako: ikiwa kuna ua wa mbao au kichaka kilichoshonana, hewa hiyo hukwama nyuma yake juu ya maua yako. Ukiruhusiwa na mwenye ardhi, acha uwazi ili ipite.

Sasa la kufanya. Nunua kipimajoto chako mwenyewe, kile kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku, na ukitundike usawa wa maua, si ukutani mwa nyumba. Baada ya wiki tatu utakuwa unajua shamba lako liko nyuzi ngapi chini ya tangazo la simu, na hesabu hiyo ni ya kwako peke yako, maana hata jirani yako haiwezi kumfaa. Panda pia mashina machache ya rehani penye baridi kuliko pengine pote, kwa kuwa rehani huungua mapema kuliko karibu kila kitu, na majani yake yakianza kupata madoa meusi ujue siku zako zinahesabika.

Jioni unayoishuku, yaani anga safi, upepo umelala na hewa kavu, tandaza kitambaa cha kufunikia matuta kabla jua halijazama, wakati udongo bado una joto la mchana, kwa sababu kitambaa hakileti joto bali hulizuia lisipotee. Kilaze juu ya matao ya waya ili kisiguse maua, na kingo zake zote zifike ardhini zibanwe kwa mawe au mifuko ya mchanga. Nimeona watu wakifunika maua kama wanavyomfunika kuku kwa tenga, upepo unapita chini, halafu wanalaumu kitambaa. Kile chepesi hukupa ahueni ya nyuzi 1 au 2 za Selsiasi, kizito kidogo zaidi. Nailoni ukiitumia isiguse majani hata kidogo, kwani palipogusana ndipo yatakapoungua, na uiondoe mapema asubuhi kabla jua halijapika kilichomo. Udongo mkavu uumwagilie mchana wake, kwa kuwa udongo uliolowa huhifadhi joto zaidi na kulitoa taratibu usiku.

Walakini nakushauri usijaribu kuokoa kila kitu. Zinia mwishoni mwa Septemba huwa zimeshachoka, majani yana ukungu mweupe, na hata zikipona baridi ya usiku hazitakulipa gharama ya kitambaa. Dalia ndizo za kupigania, kwa sababu katika majimbo hayo ya kaskazini-mashariki jalidi ya kwanza mara nyingi hufuatwa na wiki mbili au tatu za joto la kadiri, na mwenye dalia zilizopona usiku huo mmoja huuza peke yake sokoni. Alasiri ya siku hiyo hiyo kata kila ua lililo tayari. Dalia ikatwe ikiwa imefunguka robo tatu au zaidi, maana haiendelei kufunguka ndani ya ndoo. Zinia ishike sentimita 20 chini ya ua uitikise: ikisimama imara iko tayari, ikilegea na kuyumba iache. Dalia zitakaa siku chache katika chumba baridi cha nyuzi 3 au 4 za Selsiasi, lakini zinia usizitie humo, weka ghalani penye kivuli, kwani baridi ya chumba hicho huzidhuru.

Tena usikate tamaa wala usishangilie mapema asubuhi yake. Saa kumi na mbili jani la dalia lililoganda bado ni la kijani, linang'aa kama kioo na limekakamaa, na asiyejua huita watoto waje waone kwamba maua yamepona. Kilichotokea hakionekani bado: maji yaliyo kati ya seli yameganda na kuyavuta nje maji yaliyomo ndani ya seli, tando zake zimepasuka, na jua likiyeyusha barafu utomvu wote unamwagika na kukutana na hewa. Ikifika saa nne jani limening'inia, jeusi na laini, kama mchicha uliosahauliwa jikoni.

Kutoka kwa kijana aliyeajiriwa katika shamba la maua, Michigan, Marekani

*Shikamoo. Mwezi Oktoba msimamizi aliniamsha saa tisa usiku nikafungue vinyunyizio vya maji juu ya krisanthemu, akisema maji yatazikinga na jalidi, kisha akarudi kulala. Nilisimama pale mpaka saa mbili asubuhi. Jua lilipochomoza nikaona kazi imekwisha, nikafunga maji nikaenda kunywa chai. Kufika mchana nusu ya maua yalikuwa yameungua. Yeye anasema nimeharibu mali yake, mimi nasema ni yeye aliyeyamwagia maua maji ya kuganda. Nani mwenye haki?*

Marahaba. Katika fizikia haki ni yake, na katika uungwana haki ni yako, kwa sababu kazi ya namna hiyo haikabidhiwi mtu usiku wa manane bila maelezo.

Maji yanapoganda hutoa joto. Jambo hili huwashangaza wengi, lakini ndivyo lilivyo: kilo moja ya maji ya nyuzi sifuri ikigeuka barafu hutoa takribani kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha joto), na joto hilo hulifikia ua lililofunikwa na barafu hiyo likaliweka kwenye sifuri au chini yake kidogo sana, kiwango ambacho krisanthemu hukivumilia. Sharti lake ni moja, kwamba maji mapya yaendelee kuja na kuganda bila kukatika. Ukiyafunga, mambo yanageuka, kwa kuwa maji yanayobaki juu ya ua huanza kuwa mvuke, na kilo moja ya maji ikigeuka mvuke hunyang'anya takribani kilojuli 2,500, yaani zaidi ya mara saba ya zile zilizotolewa na kuganda. Kwa hiyo pale ulipoona jua likichomoza ukadhani limekuja kukupokea zamu, hewa ilikuwa bado iko chini ya sifuri, na maua uliyoyakinga usiku kucha ukayaacha katika dakika zake mbaya kuliko zote.

Kinachokwambia ufunge si jua, ni barafu yenyewe. Subiri mpaka ianze kuyeyuka na kuachana na shina, uone maji yakitembea kati ya barafu na ua na vipande vikidondoka vyenyewe ukiligusa. Wakati wa usiku itazame kwa tochi: ikiwa angavu kama kioo, maji yanatosha, lakini ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ni machache kuliko baridi, na hapo inabidi uongeze au umwamshe msimamizi. Vilevile vinyunyizio hufunguliwa kabla hewa haijafika sifuri, hasa kukiwa na ukavu, kwa sababu dakika za mwanzo maji hupoza kwanza. Penye upepo mkavu ni afadhali visifunguliwe kabisa.

Niongeze neno kwa msimamizi wako, iwapo atasomewa ukurasa huu. Njia hiyo ni ya wakulima wa stroberi na wa miti ya matunda, na kwao ni nzuri. Katika maua ya kukata, ambayo mashina yake ni marefu na bei yake iko kwenye petali, uzito wa barafu huvunja shina na unyevu wa saa tano huacha madoa, hata pale ambapo kila kitu kimefanywa sawasawa. Mimi ningetumia kitambaa, kila mtu akalala.

Kutoka kwa mkulima wa Kinangop, Kenya

*Bwana mwandishi, huku kwetu jalidi hutupiga katika miezi ya ukavu, Januari na Februari, hasa mashamba ya chini karibu na vijito. Wazee huwasha majani mabichi usiku ili moshi utande juu ya shamba. Ninalima maua nje, bila nyumba ya nailoni. Moshi unasaidia? Na je, dalia nizichimbe kama wanavyofanya Wazungu?*

Moshi hausaidii, na sisemi hivi kwa kuwadharau wazee, maana hata wakulima wa Ulaya na Marekani waliuamini kwa muda mrefu na kuchoma kila kitu, hata matairi. Walichokiona ni kweli, kwamba usiku wenye mawingu hauna jalidi, wakafikiri moshi ni wingu la kujitengenezea. Lakini wingu limefanyizwa na matone ya maji makubwa kiasi cha kuweza kulizuia joto linalotoka ardhini, ilhali chembe za moshi ni ndogo mno na joto hilo huzipita kana kwamba hazipo. Moto wenyewe husaidia kidogo, hasa mioto mingi midogo iliyotawanywa shambani kuliko mmoja mkubwa, kwa sababu ule mkubwa hewa yake moto hupanda moja kwa moja juu na kuvuta baridi ya pembeni iingie. Kwa hiyo kuni zako ziwe kavu na mwali wake uwe safi. Majani mabichi yaache yawe mboji.

Kanuni za anga tupu, upepo uliotulia na bonde linalojaa baridi ni zile zile nilizomweleza mama wa Lewiston. Palipo na tofauti ni ardhini. Maine udongo huganda kwenda chini kabisa wakati wa baridi, na kiazi cha dalia kilichoachwa humo huoza. Kinangop jalidi huunguza majani ya juu tu, udongo hauwahi kuganda kufikia kiazi, kwa hiyo dalia zako unaweza kuziacha ardhini zichipue tena, ukazichimba kila baada ya miaka michache kwa ajili ya kuzigawa.

Kutoka kwa msomaji wa karibu na Zundert, Uholanzi

*Ndugu mwandishi, mimi ni Mtanzania niliyeolewa huku kusini mwa Uholanzi, na kijiji kizima hulima dalia kwa ajili ya yale maandamano ya magari ya maua ya Jumapili ya kwanza ya Septemba. Nami nimeanza kulima zangu. Mwaka jana nilichimba viazi vyote mara tu jalidi ilipopiga, nikavitia ndani ya mifuko ya nailoni, nikaviweka chumba cha juu karibu na paa. Machi nilikuta nusu vimeoza na nusu vimekauka kama tangawizi kuukuu. Nilikosea wapi?*

Dada yangu, hukukosea kuvichimba, ulikosea haraka na mifuko. Dalia asili yake ni nyanda za juu za Mexico, ambako tangu mwaka 1963 ndiyo ua la taifa, na huko sehemu yake ya juu hufa kila mwaka ikifika miezi ya ukavu huku uhai wote ukiwa umejificha ndani ya kiazi. Kwa hiyo jalidi inapoyafanya majani kuwa meusi, mmea unapokea amri unayoijua. Upe wiki moja, hata mbili iwapo hakuna tishio la udongo kuganda, nao katika siku hizo hufunga ngozi ya viazi na macho yake, yaani mahali panapochipua, huanza kuvimba kidogo, jambo litakalokusaidia sana wakati wa kugawa.

Kabla hujakata chochote, funga kibandiko cha jina kwenye shina. Nasema kabla, kwa sababu baada ya kukata dalia nyekundu na dalia nyeupe ni viazi tu, na nimewahi kupanda safu nzima ya rangi nisiyoihitaji kwa kuwa niliahidi kuandika majina jioni. Kisha kata shina libaki sentimita 10 hadi 15, chomeka uma wa kuchimbia umbali wa takribani sentimita 30 kuzunguka pande zote, na unyanyue fungu lote kwa kulisukuma kutoka chini. Usivute kwa shina. Kila kiazi kimeunganishwa na kichwa cha mmea kwa shingo nyembamba, na shingo ikivunjika kiazi hicho ni hasara hata kama kinaonekana kizima, kwa kuwa macho hayako kwenye mwili wa kiazi kama kwenye mbatata bali yako kichwani, pale shingo inapoungana na shina. Kiazi kinono kisicho na kipande cha kichwa hakitachipua kamwe. Kile chembamba chenye jicho moja kitakupa mmea wa kimo cha mtu.

Pindua mafungu kichwa chini kwa siku moja au mbili mahali penye hewa pasipoganda, maana shina la dalia ni wazi kama bomba na hushika maji, na maji hayo ndiyo huanzisha uozo. Baada ya hapo yalaze ndani ya kreti au sanduku la karatasi ngumu katikati ya maranda yenye unyevu mdogo sana, au vermikulaiti (madini mepesi yanayoshika unyevu) ukiipata, yasisongane. Joto liwe kati ya nyuzi 4 na 10 za Selsiasi: chini ya sifuri yataharibika kabisa, na juu ya nyuzi 10 yatakauka au yataanza kuchipua kabla ya wakati. Chumba chako cha karibu na paa hukumbwa na yote mawili, baridi ya usiku na joto la mchana linalopanda kutoka vyumba vya chini, na mifuko ya nailoni iliyafungia jasho yale yaliyooza. Ghala la chini ya nyumba au gereji isiyoganda ingefaa zaidi.

Kila mwezi fungua uyapapase. Kilicholainika kikate mpaka ukute nyama nyeupe safi, au kitupe kisiambukize vingine. Kilichoanza kusinyaa nyunyizia maranda yake maji kidogo kwa vidole, usikimiminie. Mwishoni mwa Machi macho yataonekana wazi, mekundu au ya kijani, na hapo ugawe kwa kisu kikali kilichosafishwa, kila kipande kiwe na jicho lake. Kupanda usifanye haraka hata Aprili ikiwa na jua zuri. Wenyeji wako hungoja zipite siku wanazoziita za Watakatifu wa Barafu, kati ya tarehe 11 na 15 Mei, na katika hili nawaunga mkono. Kiazi kiingie sentimita 10 hadi 15 chini ya udongo, jicho likitazama juu, na usikimwagilie mpaka uone chipukizi limetoka.